Kumtafuta Dada Ukumbini mwa Majina

Ruwi, Muscat
Ijumaa, baada ya Sala

Kaka yangu Seif,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nakupa mapema, tena kwa maandishi, usije ukasema kama kawaida yako kwamba Rahma tangu kwenda Uarabuni amesahau adabu. Mama hajambo? Miguu bado inamsumbua au ile dawa ya kuchua imemsaidia? Wifi yangu na watoto je? Nakuomba unijibu swali kwa swali, usiniandikie "wote wazima" ukanyamaza. Mimi mwenyewe nimekuandikia "wote wazima" mwaka mzima, na haikuwa kweli.

Ndiyo sababu leo ni barua na si simu. Nikikupigia simu Dada Zuwena huwa ubavuni kwangu, na nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko, mtu akipiga chafya chumbani wa jikoni humuombea rehema. Barua hii anakuletea jirani yetu Bi Zahra, anayekuja Unguja harusini. Isome peke yako kwanza, kabla ya kumsomea Mama.

Kaka, Dada anasahau. Sisemi kusahau kwetu sisi wa umri huu, funguo na miwani. Nasema kusahau kunakotisha. Unanijua mimi muoga. Watu husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, mimi sijaumwa hata na sisimizi na nashtuka vile vile. Kwa hiyo kwa muda mrefu nilijiambia ni woga wangu tu. Alipotia chumvi kwenye chai nilisema ni usingizi. Aliponiuliza mara nne kwa siku moja kama nimeshasali Alasiri, nilisema ni dini. Halafu siku moja alikwenda duka la vitambaa la yule Mhindi, duka analolijua tangu tulipohamia hapa, akarudishwa na Mhindi mwenyewe amemshikia mkoba. Aliniambia kwa Kiarabu chake cha dukani kwamba mama huyu amesimama stendi ya mabasi tangu Adhuhuri, anauliza basi la Darajani.

Darajani ya Unguja, Kaka! Hapa Ruwi!

Dada alicheka, akasema alikuwa akimtania Mhindi wa watu. Nami nikacheka. Jioni ile ile, tunachambua mchele, akaniambia, "Rahma, n'nataka kwenda Volgograd."

Utaukumbuka mji huo kwa stempu zake, ulizokuwa ukizibandua kwenye bahasha kabla hata Baba, Mungu amrehemu, hajamaliza kusoma barua. Ndiko alikosomea kazi ya maabara, msichana wa miaka ishirini. Nikamwambia, "Dada, Urusi tukafanye nini sisi? Si bora Umra?"

"Umra n'shakwenda. Mji ule nimeupenda nikiwa n'na akili zangu, n'nataka kuuaga nikiwa nazo bado."

"Usiseme hivyo."

"N'seme vipi? Miaka yote ile hospitali nikiyasoma majibu ya watu kabla ya wenyewe. Yangu ndo yanishinde?"

Mchele ule niliuchambua hadi nikawa natupa chuya na mchele pamoja. Kesho yake nilikwenda kazini Rusayl, kwenye ghala letu la vigae, nikaomba likizo yangu yote kwa mpigo. Nilikuambia kwenye simu tunakwenda kutembea, ukanicheka, ukasema watu wa Oman wana raha. Raha hiyo uisikie sasa.

Sikulala kwenye ndege wala kwenye treni. Kila mtu aliyevaa kofia nilimwona polisi. Hotelini mwanamke wa mapokezi alichukua pasi zetu akaziingiza kwenye droo, nami nikamshika Dada mkono, "Mwambie aturudishie!" Dada akaniambia ndiyo desturi yao, wanatuandikisha tu. Akazungumza na yule mwanamke, wakacheka, na mwanamke akatuletea chai bila kuombwa. Kaka, Dada alikuwa mtu mwingine! Kirusi chake kilimrudia chote. Alijua tramu, ile treni yao ya barabarani, ya wapi inapita wapi, hata ile inayozama chini ya ardhi. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto, nimemng'ang'ania mkoba, sisomi hata kibao cha choo.

"Leo weye ndo kiziwi," akaniambia, "mie ndo masikio. Nifuate tu."

Nikamfuata na roho yangu ikaanza kutulia. Nikasema moyoni kumbe ni joto la Muscat, ni kukaa ndani na viyoyozi, mtu akipata hewa akili inarudi. Nilikwisha kupanga hata namna ya kukusimulia, kwa kicheko.

Mji wenyewe umelala ukingoni mwa mto Volga kama utepe, mrefu hauishi. Na mto ule, Kaka, ng'ambo yake huioni vizuri. Sisi watu wa bahari tunadhani mto ni kitu cha kuruka. Dada alinieleza kwamba wakati wa Vita Vikuu vya Pili Warusi na Wajerumani walipigania pale nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba, hata mji ukawa kifusi. Wameujenga upya wote, barabara pana na miti, isipokuwa jengo moja karibu na mto, kinu cha unga cha matofali mekundu. Hilo wameliacha kama vita vilivyoliacha, madirisha matupu, kuta zimetobolewa kotekote. Nilisimama mbele yake nikaona baridi mwilini, na jua lilikuwepo.

"Wamekiacha makusudi," Dada akaniambia, "wasije wakasahau."

"Eh, kumbe!" nikajibu.

Tukazunguka upande wa pili. "Wamekiacha makusudi, wasije wakasahau."

Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu, ananionyesha jambo jipya. Na kabla hatujaondoka akaniambia tena, kwa maneno yale yale na sauti ile ile. Mara ya tatu nilijibu kama mara ya kwanza, "Eh, kumbe!"

Kesho yake tulipanda kilima cha Mamayev. Hicho ndicho kilichopiganiwa kwa ukali kuliko pengine pote, kilima kidogo tu kwa macho, lakini majeshi mawili yalinyang'anyana pale miezi, na askari wengi wamezikwa humo humo ndani ya udongo. Juu kabisa wamesimamisha sanamu ya mwanamke amenyanyua upanga, anaita wanawe. Kubwa inatisha. Ukiwa chini yake huangalii uso, unaangalia kidole cha mguu. Nilisoma Fatiha nikawaambia wafu wale wasinilaumu, mimi mpita njia.

Kabla ya kufika kwenye sanamu unapita ukumbi wa mviringo. Katikati mkono mkubwa wa jiwe umetoka sakafuni umeshika mwenge, na moto wake hauzimwi. Askari walinzi wamesimama hawapepesi macho. Kuta zote, chini mpaka juu, zimeandikwa majina ya waliokufa, na njia inapanda ikizunguka pembeni ya ukuta ili watu wapite wakiyasoma. Muziki wa polepole, hakuna anayesema. Nilimuachia Dada mkono ili nifunge kamba ya kiatu. Kiatu kimoja tu, Kaka, kimoja, naapa. Niliponyanyua uso hakuwepo.

Kwanza nilitazama kwa utulivu, mbele na nyuma. Halafu nikapanda ile njia haraka. Halafu nikashuka. Watu walikuwa wengi na wote wameinamisha vichwa. Nikafika chini nikazunguka ule mwenge, na hapo khofu ikanisahaulisha niko wapi. Nikapiga kelele.

"Dada! Dada!"

Ukumbi wote uligeuka. Sauti ilizunguka kuta zile ikanirudia. Mimi niko na buibui langu, mguu mmoja umevaa kiatu, kiatu cha pili kimenivuka nimekishika mkononi, "Dada! Dada!" na wale watu wananitazama kwa mshangao ambao sikuuelewa, maana haukuwa wa hasira. Bibi mmoja mzee, kilemba kichwani, maua mawili mekundu mkononi, alinijia akanishika bega. Akaniuliza kitu polepole. Nikamjibu, "Dada!" Akauliza tena, akielekeza kidole kwenye majina ukutani. "Dada, dada!" nikamwambia, nalia sasa. Naye macho yakamjaa machozi. Akanikumbatia, akaniongoza nje mpaka chumba kidogo chenye meza, na nyuma ya meza mwanamke wa miwani. Nikashukuru Mungu. Nikasema hawa ndio wanaoshughulikia waliopotea.

Yule wa miwani aliniuliza, na neno lake moja nilidhani maana yake ni jina. "Zuwena!" nikasema. "Zuwena binti Salim!" Akaandika kwa herufi zao, herufi ya kwanza ni kama tatu yetu. Akafungua kitabu kikubwa. Akateremsha kidole kwenye safu, ukurasa baada ya ukurasa, na bibi mzee amenishika mkono ananipigapiga kama anavyobembelezwa mfiwa. Ndipo nilipotazama ukuta nyuma ya meza. Picha za askari, vijana watupu, na chini ya kila picha mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Kaka! Wale watu walikuwa wanamtafuta Dada Zuwena katika orodha ya wafu.

Nikakifunga kile kitabu. Nilikifunga kwa mikono miwili juu ya kidole cha yule mwanamke. "La! Yuhai! Yuhai!" Hawakuelewa. Nikaanza kuwafanyia ishara, buibui langu, urefu wangu, macho yangu, mwingine kama mimi, anatembea. Yule wa miwani akaziba mdomo kwa kiganja. Akakimbilia mlangoni akamwita mlinzi. Bibi mzee naye aliendelea kulia, sijui tena anamlilia nani. Nadhani alikuwa na wake ukutani, na mimi nikamfungulia mlango wa kilio. Tulilia pamoja dakika nzima, kila mtu na wake.

Ngazi za kushuka kilima kile ni nyingi mno. Nilizishuka kwa kiatu kimoja, cha pili nimekisahau pale mezani, mlinzi ananifuata anaita. Nikawa naahidi njia nzima, Ya Rabbi nikimpata sitamficha tena mtu yeyote hali yake, nitamwandikia Kaka Seif. Ahadi yenyewe ndiyo hii unayoisoma.

Alikuwa kwenye kituo cha tramu. Amekaa baina ya wasichana wawili wa chuo, mkoba magotini, mgongo umenyooka, anaongea na kucheka. Nilimshika mabega kwa nguvu. Aligeuka akanitazama, akanisemesha kwa Kirusi. Sikuelewa neno, lakini nilielewa adabu. Kaka, Dada hajawahi kunisemesha mimi kwa adabu tangu nizaliwe. Alinisemesha kama unavyomsemesha mtu usiyemjua aliyekukanyaga kwa bahati mbaya.

Mmoja wa wale wasichana alikuwa anajua Kiingereza kidogo. Akaniambia mama huyu anasubiri tramu ya kwenda dahalia yake, bweni la chuo, amechelewa, ana mtihani.

Nikapiga magoti pale chini. "Mie Rahma, Dada. Rahma. Mtoto wa Bi Asha. Kitinda mimba wenu. Mie ndiye niliyekuwa nikilala miguuni kwako nyumba ya Mkunazini. Mie Rahma."

Alinitazama. Tramu ilikuja ikaondoka. Kisha uso wake ukalegea, akaniangalia miguu. "Loh! Na kiatu chako kingine kiko wapi? Umekimbizwa na mbwa?"

Nilimsimulia kila kitu hapo hapo, kwa kuropoka, namna nilivyopiga kelele ukumbini, na bibi, na kitabu. Dada alianza kucheka kabla sijamaliza. Alicheka mpaka wale wasichana nao wakacheka bila kujua.

"Mjinga weye! 'Da' kwao ni ndiyo. Bibi wa watu kakuuliza, una mtu wako humu? Nawe unamjibu ndiyo, ndiyo! Kakuuliza, kafa vitani? Ndiyo, ndiyo!"

Nikacheka na mimi, Kaka, mbavu zikaniuma. Nilidhani yamekwisha. Akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio. Akaniuliza, "Nlikuwa wapi mie?"

"Ulikuwa hapa hapa kituoni."

"Sikukuuliza kituo. N'nakuuliza nlikuwa wapi."

Akanishika mkono. "Rahma, n'naogopa," akasema. Sijamsikia hata siku moja Dada kusema neno hilo. Neno hilo ni langu mimi katika nyumba yetu. Nilimwambia, "Na mie naogopa," na tukakaa hivyo tramu tatu zikapita.

Tumerudi Muscat na tumekwenda kwa daktari, mimi nikiwa ndani, sikukaa nje kama zamani. Daktari amesema ni ugonjwa, hauna dawa ya kuuponya, zipo tu za kuuchelewesha. Amesema utakwenda hatua kwa hatua na jina langu litatoka kabla ya majina ya zamani. Dada alimsikiliza kama mtu anayesikiliza bei. Tulipofika nyumbani akasema anataka kurudi Unguja, akae kwa Mama, kwako.

Nilikataa. Nilimwambia hapa kuna hospitali, kuna mimi. Tuligombana siku mbili, na unajua Dada akigombana. Mwisho akaniambia, "Mama kanitambua kabla mie sijajitambua. Hata nikimsahau, yeye hatanisahau. Weye mtihani huu utakuua, muoga weye. Niache n'ende."

Kaka, sababu yangu ya kukataa si hospitali. Naogopa Mama, kwa umri wake ule, na akili zake zile ambazo hazisahau hata rangi ya nguo uliyovaa sikukuu ya mwaka gani, atazamwe na mwanawe wa kwanza kama mgeni. Naogopa utafungua mlango asubuhi ukute hayupo, na mji ule wa vichochoro. Naogopa na nyumba hii bila yeye. Nakuambia yote ili uamue ukiwa unajua. Ukisema huwezi, Wallahi sitakulaumu wala sitamwambia mtu. Nitabaki naye na tutajua la kufanya. Lakini ukisema aje, nitamleta mwenyewe. Kazini wamenipa siku tatu tu, kwa kuwa likizo niliimaliza Urusi. Nijibu kwa mkono wa Bi Zahra, anarudi Jumanne. Andika neno moja tu, aje au asije.

Kama ni aje, nakuomba jambo moja, na hili mfundishe wifi na watoto wote, na Mama pia hata akikasirika. Msimuulize "unanijua?" Kila mtu humuuliza hivyo kwa mapenzi, nami nimemuona anavyohangaika, anatafuta usoni mwa mtu, anaona haya, anabahatisha jina. Msimtahini. Jitajeni kwanza, kila mnapoingia, kwa uso mkunjufu, kama habari ya kawaida. Akijua atawaambia "najua, mie si kichaa," na mtacheka. Asipojua atakuwa ameshaambiwa, na hapatakuwa na aibu. Mama atasema, nimzae mimi halafu nijitaje? Mwambie ndiyo. Mwambie nimepiga magoti kituo cha tramu nikajitaja, na alinirudia.

Nisalimie Mama, umbusu mikono yote miwili. Nisalimie wifi yangu Mwanaidi, namshukuru tangu sasa kwa mzigo ambao hajaulizwa. Msalimie Said, mwanao wa skuli, mwambie shangazi yake Zuwena atampa hesabu za kichwa na bado zote anazipata. Msalimie Bi Time, mkunga wetu, kama yuhai. Dada anakusalimu sana. Yuko jikoni anakaanga samaki na nimeshakwenda mara tatu kuangalia moto.

Usinicheke kwa sahihi yangu ya leo. Ndivyo ninavyoingia chumbani kwake kila asubuhi, nikiwa nimesimama mlangoni mpaka anijibu:

Sabalkheri. Ni mie Rahma, mtoto wa Bi Asha na Salim, wa Mkunazini. Mdogo wako.